Tulivyomchangia Mwalimu Kompyuta

Mie shule niliishia darasa la saba, na sijawahi kuficha. Lakini kompyuta zangu zimefanya hesabu za chuo kikuu, na aliyezifikisha huko ni mie. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wa Segerea wanaieleza habari hii kivyao, na maelezo yao yana kijicho.

Nina steshenari Kiwalani, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka mteja ananyamaza kwanza, inapita, kisha anaendelea kueleza anataka kopi ngapi. Nilianza na mkokoteni wa maji. Mkokoteni ukazaa mashine ya kusaga, mashine ya kusaga ikazaa mashine ya fotokopi, na fotokopi ikazaa kompyuta ya kwanza, niliyoichukua ofisi moja ilipokuwa inatupa vitu vyake vya zamani. Leo ninazo kumi na moja. Watu huniuliza, "Bosi, haya mambo ulisomea wapi?" Nawajibu nimesomea barabarani, na barabara ya Kiwalani haina likizo. Nimewaandikia watu barua za kuomba kazi hadi wengine wamekuwa wakubwa. Wakipita na magari yao wananipigia honi. Wapo wasiopiga. Hao nawajua mmoja mmoja.

Mwalimu alikuwa mteja wangu. Tulimwita hivyo kwa sababu alifundisha hesabu sekondari huko Njombe kabla ya kuja Dar kusomea udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano. Alipanga chumba nyumba ya nyuma ya kwangu. Mama wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye shikamoo ya kuinama mpaka unajisikia umezeeka ghafla. Kila Jumatano alikuja kuprinti kurasa zake. Jumatano moja akaja mikono mitupu, akakaa kwenye benchi.

"Mwalimu, karatasi ziko wapi?"

"Leo sina, baba. Hesabu zimekwama."

Nikamwambia anieleze, kwa sababu mtu akikwama Kiwalani huwa anakuja kwangu. Akaeleza. Alikuwa anasomea maji. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mabonde yetu haya yanapita wapi, yanaingia kwa nani, yanamruka nani.

"Sasa hiyo si ishu inayojulikana?" nikasema. "Maji yanapita pale chini."

"Pale chini wapi, baba?"

Nikanyoosha kidole upande wa bondeni, kisha upande wa pili. Kumbe yeye alikuwa ameshapima kila mteremko na kila mtaro, na sasa ilibaki kompyuta ijaribu mvua moja moja: mvua ndogo, mvua ya siku tatu, mvua ya mitaro iliyozibwa na mifuko, mvua iliyokuta ardhi imeshalowa. Maelfu ya majaribio. Laptopu yake peke yake ingemaliza mwaka kesho kutwa. Kompyuta kubwa ya chuo ilikuwa na foleni, na foleni yenyewe ilikuwa na watu waliotangulia kuzaliwa kuliko yeye. Na muda alishaongezewa mara mbili. Jumanne ya wiki ya nne kuanzia siku ile, alitakiwa asimame mbele ya maprofesa na majibu yote mkononi. Asipokuwa nayo, ruhusa ya masomo imekwisha, anarudi kushika chaki Njombe, na miaka mitano ya kupima mitaro hairudi.

"Hakuna dawa?"

"Ipo," akasema, huku akiangalia zile kompyuta zangu, kisha akaangalia chini. "Kuna programu inagawa hesabu vipande vidogo vidogo. Kila kompyuta ya mtu inapewa kipande. Mwenyewe akiitumia, programu inakaa kimya. Akiiacha imekaa bure, inafanya hesabu, ikimaliza inatuma jibu kwangu. Huko duniani watu wanawaazima wanasayansi hivyo, wanatafutiana dawa, wanatafuta hadi nyota. Mimi nimeomba kwa wanafunzi wenzangu, nimepata laptopu sita."

"Kumbe unataka mchango!" nikasema. "Kama wa harusi."

"Ni kama hivyo, baba."

"Mbona hukusema tangu mwanzo? Mchango tunaujua sie."

Akatoa flashi kwenye mkoba, uso umeng'aa. "Basi nikiweka sasa hivi, baba, jioni hii hii zinaanza."

"Mwalimu," nikamwambia, "tulia. Hakuna mchango bila kamati."

Hapo ndipo watu wa Segerea wanaponicheka. Wanasema angeweka tu siku ile, tungekuwa mbele siku tano. Ni kweli. Lakini wao wamewahi kuona wapi mtu anachangiwa bila mwenyekiti?

Jumapili baada ya alasiri kamati ikakaa uani kwangu. Niliita wenye steshenari wa Kiwalani, nikamwita yule bwana wa Segerea mwenye duka kama langu, na akaja mmoja kutoka Boko ambaye sijui nani alimwambia kuna pilau. Pilau lilikuwepo. Mama watoto alipika sufuria ile ya maulidi. Nikafunga turubai, nikaweka spika, nikachaguliwa mwenyekiti bila kupingwa, kwa kuwa viti vilikuwa vyangu. Tukachagua katibu. Tukachagua na mweka hazina.

Mwalimu akaninong'oneza, "Baba, lakini hatukusanyi hela."

"Kamati isiyo na mweka hazina, mwalimu, ni kijiwe."

Yule bwana wa Segerea nimweleze kidogo. Anavaa tai. Ana cheti cha kompyuta amekitundika ukutani kwenye fremu, na amekiwekea taa. Mie ananiita "tajiri wa mkokoteni", anadhani ananitukana. Alisimama wa kwanza, akarekebisha tai, akasema, "Mie na familia yangu tunatoa kompyuta nane."

Spika ikapigwa singeli kidogo, watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Kumi na moja. Zote."

Makofi zaidi. Bwana wa Segerea akasimama tena. "Naongeza laptopu ya mke wangu. Tisa. Na zangu ni mpya, si za mnada."

"Kumi na nne!" nikasema.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama watoto, ya chini, ile ambayo watu wengine hawaisikii. "Baba watoto, hizo tatu ziko wapi?"

"Ni ahadi."

"Ahadi ya kompyuta?"

"Kwani ahadi ya ng'ombe inakuwaje?"

Basi ndiyo ukawa mwendo. Katibu anaandika, spika inalia, watu wanapandishiana dau. Mwenye duka la simu akaahidi tatu. Mwenye saluni, ambaye hana hata kikokotoo, akaahidi moja. Kisha akasimama yule wa Boko, akafuta mafuta ya pilau mdomoni, akasema kwa sauti ya utulivu, "Boko, thelathini."

Uani kulipasuka. Wanawake walipiga vigelegele. Bwana wa Segerea akakaa, tai ikalegea. Mwalimu pale kwenye mkeka alikuwa na daftari lake, anajumlisha. Akanijia machozi yakimlengalenga.

"Baba, kwa hizi thelathini za Boko namaliza kwa wiki mbili. Namaliza na muda unabaki."

Nikamwambia hiyo ndiyo faida ya kamati.

Jumatatu akaondoka na flashi yake kwenda duka kwa duka kuweka programu. Kwangu aliweka kumi na moja, tukakubaliana zile tatu ziko njiani. Kwa mwenye simu alikuta moja, na wenye steshenari wenzangu wakasema zao ni za wateja. Jumanne akaenda Boko, akarudi jioni, amebeba trei la mayai.

"Vipi thelathini?"

Akaliweka lile trei mezani taratibu. "Baba, yule mzee ana banda la kuku. Ana kompyuta moja, imekufa. Anasema alidhani ni kama harusi, unaahidi kwanza, halafu Mungu anajua. Amenipa mayai."

Tulihesabu upya. Zilibaki Kiwalani kumi na moja, Segerea tisa, moja ya mwenye duka la simu na zile laptopu sita za wanafunzi. Mwalimu akapiga hesabu zake, akasema zikifanya kazi zote bila kulala, inawezekana, ila hakuna ya kupoteza. Hata moja.

Mie nikasema hiyo kazi aniachie.

Kwenye laptopu yake mwalimu alikuwa na orodha. Kila duka limeandikwa kwa mtaa wake, kila laptopu ya mtu kwa mwenyewe, na mbele yake idadi ya vipande vilivyorudishwa. Kila asubuhi alituma ile orodha kwenye gurupu la kamati kwenye simu, nia yake kututia moyo. Siku ya kwanza Segerea iliongoza. Nikasema wanaanza kwa mbio, watachoka. Siku ya tatu Segerea iliongoza. Siku ya sita Kiwalani, kompyuta kumi na moja, mwenyekiti wa kamati, tulikuwa chini ya laptopu ya mke wa bwana wa Segerea. Hiyo laptopu moja, tena anaangaliaga tamthilia.

Gurupu liliwaka.

"Mwenyekiti, mashine zako zinasubiri zichangiwe?" aliandika Segerea.

"Labda zimeenda kuchota maji," akaandika wa simu.

Hadi wa Boko, mwenye banda la kuku, akaandika, "Kuku wangu mmoja anataga kuliko Kiwalani."

Nilichukia. Zaidi nilichukia kwa sababu kweli kompyuta zangu zilikuwa na kasoro nisiyoielewa. Zilikuwa zinajizima. Mteja anakuja, anakaa, kompyuta imezima. Unaiwasha, inafanya kazi vizuri kabisa, mteja anaondoka. Anakuja mwingine, unakuta imezima tena. Tulilaumu umeme. Nikabadilisha waya za ukutani. Nikaita fundi, akafungua soketi zote, akasema umeme ni mzuri kuliko wa ikulu.

Sasa nieleze kuhusu vitambaa. Mama watoto ni mtu wa Mbagala, na kwao kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, birika la umeme lina kofia. Siku ya pilau aliposikia kompyuta zetu zinafanya kazi ya sayansi, aliona haya zilivyokaa kama mbuzi wa mnadani. Kwa siku tatu hakuweka chini sindano ya kufumia. Akatoa seti kumi na moja, nyeupe zenye ukingo wa kijani, cha skrini na cha lile boksi lake, nzito, zimeshikana uzi kwa uzi. Akaweka na sheria: mteja akinyanyuka, kitambaa kinashuka. Duka likawa kama sebule ya bibi harusi. Na mwalimu naye alifumiwa kimoja, cha laptopu, kina ua katikati.

Mie nilikuwa na hakika Segerea anaiba. Siku tisa kabla ya ile Jumanne nikapanda bodaboda nikaenda kumfumania. Nimeingia dukani kwake, nikapigwa na butwaa. Maboksi ya kompyuta yote yamefunguliwa ubavuni, matumbo nje, waya na vumbi vinaonekana, na feni mbili za mezani zinayapuliza.

"Braza," nikasema, "cheti chote hicho ukutani, kompyuta zako ziko uchi?"

Hakunyanyua hata kichwa. "Zipo kazini, tajiri. Umeshaona mbeba zege kavaa koti?"

Nilicheka sana. Nikamwambia hana ustaarabu. Nikapanda bodaboda nikarudi nikiwa bado nacheka, na kicheko kiliniishia njiani. Mie nimesaga unga miaka minane. Ile mashine ya kusaga ilikuwaga na gunia juu yake usiku, lakini ilikuwa imelala. Hizi zangu zilikuwa zinafunikwa saa ngapi? Mteja akinyanyuka. Na ile programu inafanya kazi saa ngapi? Mteja akinyanyuka.

Nikaingia dukani, nikapitisha mkono chini ya kitambaa cha kwanza. Ungeweza kuchoma chapati.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi na orodha yake. Akaniona nilivyoushika ule mkono, akainamisha macho. Nikajua.

"Mwalimu. Ulikuwa unajua?"

"Tangu wiki iliyopita, baba. Zikipata joto sana zinajizima zenyewe, zisiungue."

"Na umenyamaza? Jumanne ile pale inakuja!"

"Ningeanzaje, baba?" Akatupia jicho mlango wa ndani, kwa mama watoto. "Ananiletea uji kila asubuhi. Anauliza, 'Mwanangu, kitambaa kimekaa vizuri?' Mimi nikisikia hatua zake nakirudisha juu ya laptopu, akitoka nakiondoa. Kila siku nasema leo nitamwambia. Nilikuwa natafuta maneno."

"Na digrii?"

Machozi yalidondokea ile orodha, juu ya Segerea.

Mtu mwingine angeingia ndani na kusema tu. Mie nilifikiri kama kiongozi. Nikaitisha kikao cha dharura, ajenda moja, ili uamuzi uwe wa kamati na lawama ziwe za kamati. Kwenye gurupu kila mtu alijua ni ajenda gani, na kila mtu anamjua mama watoto. Segerea alipata msiba. Katibu alipata tumbo. Alikuja mweka hazina peke yake, akanywa soda, akasema anaunga mkono lolote nitakaloamua, akaondoka kabla sijaamua.

Mchana tukakaa kula. Ugali na changu.

"Mama watoto, kamati imekaa."

"Nani na nani?"

"Mie."

"Imeamuaje?"

"Vitambaa vipumzike kidogo."

Akanyoosha mkono, akakichukua kichwa cha samaki kwenye sahani yangu, akakihamishia kwake. "Nani kasema?"

"Sayansi."

Alimaliza kile kichwa chote, jicho na jicho, akanawa, akaingia dukani. Mie nyuma yake. Akafunua kompyuta ya pembeni, akaweka kiganja juu yake kama anavyowawekea watoto kwenye paji la uso. Akaenda ya pili. Ya tatu.

"Hizi zina homa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu zifunikwe."

Akanigeukia. "Na wewe uliyesomea barabarani, ulikuwa wapi?"

Swali hilo sikulijibu, na silijibu hapa. Yeye mwenyewe akavikusanya vyote ishirini na viwili, akavikunja kimoja kimoja juu ya bega, akatoka hadi chumbani kwa mwalimu. Mie nilisimama dirishani, si kwa kusikiliza, nilikuwa napita.

"Mwanangu," nikamsikia, "wewe unakwenda kuwaambia maprofesa maji yataingia nyumba ya nani, na mie huwezi kuniambia kuna joto?"

"Nisamehe, mama. Niliona haya."

"Haya ya nini? Kitambaa ni uzi. Ukifumuliwa unafumwa tena. Wewe miaka yako mitano utaifuma na nini?"

Kisha wakalia wote wawili, nikaondoka dirishani kwa sababu nilikuwa nimeshapita.

Kuanzia pale mama watoto ndiye aliyekuwa kamati. Aliteremsha feni ya chumbani kwetu, tukalala tukijipepea kwa vipande vya katoni. Akafungua madirisha. Akayavua yale maboksi ubavuni kwa bisibisi, kama ya Segerea, huku akinong'ona bismillahi. Siku iliyofuata tulirudisha vipande vingi kuliko wiki nzima iliyotangulia. Lakini mwalimu akapiga hesabu, akasema bado. Wateja wakikaa mchana kutwa, programu inanyamaza mchana kutwa, na siku tulizopoteza zilikuwa nyingi.

Hapo mie nikafanya jambo ambalo sijaona mwenye cheti akilifanya. Nikafunga kompyuta zote kwa wateja, siku saba. Fotokopi tu. Watu walikuja juu.

"Bosi, nataka kutuma maombi ya chuo, mwisho kesho!"

"Nenda kwa jirani."

"Na hizi zote kumi na moja zimekaa bure?"

"Hazijakaa bure. Ziko chuo."

Mmoja aliniuliza zinasomea nini. Nikamwambia maji. Akaniangalia, akaangalia zile skrini nyeusi, akaenda kwa jirani.

Kiwalani ikapanda. Tukaipita laptopu ya tamthilia. Tukampita wa simu. Ijumaa tukawa bega kwa bega na Segerea, na gurupu likawa kimya ajabu, kuku wa Boko hawatagi tena. Jumatatu asubuhi, kesho yake ndiyo ile Jumanne, orodha ya mwalimu ilionyesha vipande vya mwisho vichache, vingi viko Segerea. Saa nne umeme wa Segerea ukakatika.

Mwalimu aliishika laptopu kwa mikono miwili kama sinia la moto. "Vile vya Segerea vikikaa hivyo, baba, sina jibu. Siwezi kusimama na ramani ya maji yenye matobo."

Sikujua la kufanya, na naliandika hilo ingawa si kawaida yangu. Nilikuwa nimeshika simu nimpigie bwana wa Segerea nimlaumu, ndipo bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mwenyewe, hana tai. Nyuma ya bajaji kuna maboksi manne ya kompyuta, yale yenye vipande vilivyobaki, yamekaa kwenye kiti cha abiria, yamefungwa kwa mkanda wa suruali yake.

"Tajiri," akasema, huku kashika suruali kwa mkono mmoja, "kwako umeme upo?"

"Upo."

"Basi usinitazame. Nipokee."

Tukabeba pamoja. Tukachomoa mashine ya fotokopi, tukachomeka zake. Mama watoto akageuza feni iwaelekee wageni. Tulikaa wanne kwenye lile benchi, tunaangalia orodha. Ndege zikapita, hatukuzisikia. Adhuhuri vikabaki saba. Alasiri inaadhiniwa, kimoja. Kile kimoja kilikaa, kikakaa, mpaka bwana wa Segerea akaanza kukisomea kama mgonjwa. Kisha mwalimu akasema, "Kimerudi," akashuka kwenye benchi akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele, akicheka bila sauti.

Jumanne kamati nzima ilitaka kumsindikiza kwa maprofesa, na mweka hazina alishaulizia sare. Mwalimu alikataa kwa heshima, akamchukua mama watoto peke yake. Walirudi jua linaelekea kuzama. Niliwaona kwa mbali, mama watoto ndiye aliyebeba mkoba, anatembea katikati ya barabara kama barabara ni yake, na wenye pikipiki wanampisha.

"Wamempa!" akapiga kelele kabla hajafika. "Marekebisho madogo tu! Nimewauliza na maprofesa, wameniambia madogo!"

Wiki iliyofuata mwalimu akaja kuprinti ramani yenyewe, kubwa, karatasi nne za kuunganisha. Nikaiunganisha kwa gundi mie mwenyewe, bure, ndiyo desturi yangu kwa wasomi. Bwana wa Segerea alikuwepo, kaja kuchukua maboksi yake. Patakapoingia maji pamepakwa buluu, pakavu peupe. Nikatafuta mtaa wetu kwa kidole. Nikaupata. Nikatafuta duka langu.

Buluu. Na si buluu ya kulowesha kandambili. Ile iliyokolea.

"Mwalimu, hapa umekosea."

"Pamehakikiwa, baba."

"Hizi hesabu zimefanywa humu humu ndani! Kwenye kompyuta zangu, umeme wangu, feni ya chumbani kwangu! Zinawezaje kuniingizia maji?"

"Hesabu hazijui ziko kwa nani, baba. Ndiyo maana kila kipande nilikipa mashine mbili, zisijuane, halafu nikalinganisha. Hiki cha mtaa wetu hata Segerea alikifanya."

Nikamgeukia yule bwana. "Ulipata hivyo hivyo?"

"Kompyuta yangu ndiyo ilipata," akasema. Kidole chake kilikuwa juu ya duka lake. Peupe kabisa. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na neno la kunitupia, alikiondoa kile kidole polepole na kuanza kufunga maboksi yake. Ningependa angenitukana.

Usiku ule mama watoto alisema tuhame. Nikamwambia sihami, mie maji nimeyasukuma kwenye mkokoteni tangu kijana, tunaheshimiana. Asubuhi nikaagiza matofali. Nikainua meza zote za kompyuta, tofali juu ya tofali chini ya kila mguu, mpaka zikanifika kifuani. Nikanunua stuli ndefu za baa. Sasa mteja akija kuandika barua anapanda, miguu inaning'inia kama mtoto kwa kinyozi, na wengine wanasema wanaona mbali hadi kwa jirani, ambaye bado yuko chini.

Mwalimu, ambaye sasa anaitwa daktari na bado anaamkia shikamoo ya kuinama, alikuja kukagua. Alitoa futi yake ya kupimia mitaro, akaishusha kutoka ukingo wa meza hadi sakafuni, akaangalia ramani, akapima tena.

"Bado tofali moja, baba."

Nikaongeza mawili.